Bibi Harusi wa Miaka Ishirini

Metrine alikuwa hajawahi kuonana na Ambili Kuruvila uso kwa uso, lakini alimjua kuliko alivyowajua baadhi ya shangazi zake kule Webuye. Katika saluni ya wanawake mtaa wa Sulimaniyah, jijini Riyadh, mwenzake Bindu, Mhindi wa Kerala, alikuwa na filamu zote za Ambili kwenye simu. Wateja wakiadimika, wawili hao hujibanza kwenye chumba cha kuoshea nywele, Bindu akitafsiri, Metrine akilia.

Ndivyo alivyoyajua maisha ya yule mama. Ambili aliingia kwenye filamu za Kimalayalam akiwa bado msichana wa shule, na kabla hajafika miaka ishirini jina lake lilikuwa midomoni mwa Kerala nzima. Akaolewa, akalea. Alipotaka kurudi kazini akaambiwa nafasi iliyobaki ni ya kuwa mama wa waigizaji wale wale waliokuwa wachumba wake kwenye filamu juzi juzi tu. Akakataa. Akafungua kampuni yake, akawa mtayarishaji, akawainua wasichana wengine, yeye mwenyewe akakaa nyuma ya kamera.

Basi siku Ambili alipoingia saluni kuoshwa nywele, Bindu alisahau Kiarabu, Kiingereza na hata lugha ya mama yake. Ikabidi Metrine ndiye amhudumie. Ambili alikuwa anapitia Riyadh kwenda Jeddah kutayarisha filamu na alihitaji msusi. Aliipenda mikono ya Metrine, akazungumza na madam mwenye saluni, ambaye ndiye kafili wake, mdhamini wa kibali chake cha kazi, na madam akakubali amwachie kwa wiki mbili, mradi arudi kabla ya msimu wa harusi. Metrine alitaka kupiga vigelegele pale pale. Alijizuia kwa sababu kulikuwa na wateja.

Asubuhi ya safari ya Jeddah alikuwa hotelini anamchana Ambili nywele, simu ikaita kutoka Kochi, kule Kerala. Mwigizaji mkuu, binti wa miaka ishirini na miwili, hangekuja tena. Alikuwa amepata filamu kubwa zaidi. Mwongozaji, kijana mpole aitwaye Hari, aliketi juu ya sanduku la taa, akajishika kichwa. Kibali cha kupiga picha katika nyumba waliyoipata mtaa wa Ruwais, Jeddah, kisingewangoja.

"Chechi," Metrine akasema, maana Bindu alimfundisha kwamba hivyo ndivyo Wamalayali, watu wa Kerala, wanavyomwita dada mkubwa, "si ucheze wewe?"

Hari alitabasamu kwa huzuni. Akaeleza kwamba hadithi ni ya bibi harusi mbichi anayepanda ndege kumfuata Jeddah mume aliyemwoa kwa simu. Ambili naye akasimulia, taratibu, akiwa anajitazama kwenye kioo. Mara ya mwisho aliposimama mbele ya kamera, kwenye majaribio alipotaka kurudi kazini, mwongozaji alimwambia mtu wa taa, watu wote wakisikia, apunguze mwanga kwa sababu uso ule umeshatumika. Tangu hapo hakusimama tena.

Metrine aliweka kitana chini. "Huyo mwongozaji alikuwa mbali," alisema. "Mimi ndiye ninayeushika huu uso."

Ambili alijitazama tena kiooni. Kisha akamgeukia Hari polepole. "Na kama bibi harusi alichelewa?" aliuliza. "Kama mumewe alimwambia mwaka ujao, mwaka ujao, mpaka ikapita miaka ishirini, halafu siku moja akachoka kungoja, akakata tiketi yake mwenyewe?"

Hari aliinuka kutoka kwenye lile sanduku. Jinsi alivyoinuka tu, Metrine alijua kwamba filamu imepatikana.

Waliiandika njiani. Dereva wao alikuwa Onesmus, Mkamba wa Machakos, aliyesema yalla, haya twende, wakaiacha Riyadh nyuma. Jangwa lilipita madirishani na hakuna aliyelitazama. Ambili na Hari walibishana, wakacheka, wakarusha karatasi nyuma, na Metrine akawa anazipanga magotini. Walipofika mahali mume anapofungua mlango, wakakwama. Atasema nini? Hari alitaka maneno mengi. Ambili akainama mbele, akamuuliza Onesmus kama ana mke.

Onesmus alisema anaye, na hajamwona kwa muda mrefu. Akaulizwa angefanya nini mkewe akitokea mlangoni bila taarifa.

"Ningetazama viatu vyake," alijibu. "Usoni ningeogopa."

Hari aliyafuta maneno yote ya mume. Wakateremka milima ya Taif, nyani wamekaa juu ya ukuta wa barabara wakiwatazama wapita njia, na Ambili akaanza kuimba. Bahari ilipotokea, hadithi ilikuwa na mwisho.

Kule Ruwais, mume aliigizwa na Stephen, Mmalayali mwenye duka la simu Jeddah, aliyewahi kucheza michezo ya jukwaani ujanani. Majirani walijaa vibarazani. Metrine aliuliza kama azipake rangi nywele nyeupe za Ambili kandokando ya uso, akaambiwa aziache.

Mara ya kwanza mambo yalikwenda vibaya. Mlango ulipofunguliwa, Ambili alitoa macho, akashika kifua, akalia kama alivyokuwa akilia kwenye filamu za zamani. Watu wakatazama chini. Alipoiona picha kwenye skrini aliingia ndani bila neno, na Metrine akamfuata. Akamkuta ameketi, sari imemlegea begani.

"Huyo alikuwa msichana wa zamani," Ambili alisema. "Alidhani anaitwa yeye."

Metrine alichukua kitambaa. Alimfuta machozi, akamrekebisha upindo wa sari, na Ambili akatoka tena.

Akabisha hodi. Stephen akafungua, akatazama viatu vyake, akabaki hapo hapo. Ambili hakulia. Alinyoosha mkono, akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi, kama mtu aliyeondoka asubuhi tu akarudi jioni, kisha akampita akaingia ndani na sanduku lake. Hari alisahau kusema "kata" ili kamera ikome. Mzee mmoja barazani ndiye aliyeanza kupiga makofi, mtaa mzima ukamfuata, na Metrine akapiga vile vigelegele alivyovimeza saluni, vya Kibukusu hasa, mpaka Onesmus akatoka garini kuuliza kumetokea nini.

Filamu ilipofika sinema za Riyadh, madam mwenyewe alifunga saluni mchana, akawapeleka wafanyakazi wote. Ukumbi ulijaa Wamalayali, wengi wanaume walioacha wake nyumbani, na Ambili alipotokea kwenye skrini na mvi zake walipiga miluzi hadi hakikusikika kitu. Bindu aliacha kutafsiri, akamshika Metrine mkono. Ila ilipofika mlango wa Ruwais, ukumbi ulitulia. Mwanamume mmoja nyuma yao aliinuka akatoka nje, simu sikioni, akimwita mtu kwa jina.

Taa zilipowaka, Ambili aliingia kwa mlango wa pembeni. Watu wote wakasimama. Alikuwa ameshapokea simu kutoka kwa waongozaji watatu waliomtaka aigize, akiwemo yule aliyesema uso wake umeshatumika, na huyo alimjibu kwamba atamtafuta akipata nafasi. Akapita katikati ya umati, akimtafuta Metrine kwa macho.