Mgeni Katika Kompyuta ya Ruwaida

Dada yangu Dhahabu alitaka kuiona nyumba ya mama mara moja tu kabla hajaenda kupasuliwa macho. Daktari hakumficha: huenda yakarudi, huenda yakazima kabisa. Na nyumba yenyewe, kule Likoni, ilianguka katika mvua za zamani. Mahali pake sasa pana duka la mbao.

Mjukuu wangu Ruwaida kazi yake ni kuwachorea wajenzi, kwa kompyuta, majumba ambayo hayajajengwa. Akasema, "Bibi, nielezeni nyinyi, mimi nitaijenga." Basi kila baada ya alasiri tulikaa naye hapa kwetu Frere Town tukimweleza. Dhahabu alisema dirisha la ukumbini lilitazama kisimani. Mimi nikasema lilitazama njiani. Ruwaida hakumkata kauli yeyote. Alilijenga huku, akalihamishia kule, akalirudisha, taratibu, kama mtu anayemtandikia mgonjwa.

Lakini kompyuta ilikuwa imeelemewa. Kila tukiukaribia mlango kwenye kioo, picha huganda. Dhahabu hunyoosha shingo, mlango u mbele yake, nasi hatuingii.

"Kumbe hata kuota kuna foleni," alisema, akacheka peke yake.

Ruwaida akatueleza kwamba mashine yake ni ya kazi nzito, nayo ina nafasi mbili za prosesa, ile sehemu inayofikiri. Nafasi ya pili ilikuwa tupu tangu aipate. Akaagiza prosesa nyingine, ndugu ya ile ya kwanza, pamoja na vijiti vya memori, yaani kumbukumbu ya mashine, kwa kuwa kila prosesa hula katika memori ya upande wake. Abdulaziz, fundi wa Mtopanga, akavileta vimefungwa vizuri hata nikaona huruma kuvifungua. Ilikuwa siku moja kabla ya safari ya hospitali.

Ruwaida aliufungua ubavu wa mashine, akagusa chuma kwanza ili umeme wa mwilini umtoke. Akaishusha prosesa mahali pake bila kuikandamiza, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia begani. Akapaka dawa ya kijivu ya kupitisha joto, akafunga feni juu yake. Vikabaki vijiti. Vya zamani vilikuwa na nafasi ndogo, vipya vina nafasi kubwa.

"Hivi vipya vyote vya huyu mpya," alisema. "Ndiye mgeni."

Sote tukaitikia. Katika nyumba yetu mgeni hapewi kiporo.

Mashine ikawaka. Tukaufikia mlango, tukakivuka kizingiti, nikamwona Dhahabu ameikamata ncha ya leso yake. Kisha ukumbini picha ikaanza kuchechemea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Ikaganda.

Dhahabu aliangalia mikono yake tu.

Ruwaida akampigia Abdulaziz, sauti ikatoka nje sote tukasikia. "Shikamooni, bibi zangu. Ruwaida, umegawaje memori?"

"Vikubwa vyote nimempa mpya. Nimemkirimu mgeni."

"Wewe Ruwaida! Mmoja umemshibisha, mwenziwe umemnyima, kisha wataka wabebe mzigo mmoja. Wagawie sawasawa. Kila mmoja apate vikubwa na vidogo kama mwenziwe, vikubwa vikae mbele."

"Mgeni siku mbili," Dhahabu akadakia, "ya tatu mpe jembe. Mpe jembe, Ruwaida."

"Hata saa hajamaliza, bibi."

"Basi leo siku ni fupi."

Ruwaida akaizima mashine, akavichomoa vijiti kimoja kimoja, akavipanga upya pande zote mbili. Alipoiwasha, feni zikavuma kwa upole, kama mvua inayonyesha juu ya makuti ya jirani. Tukaingia.

Tukaupita ukumbi, na kitanda cha kamba, tukatokea uani kwenye mti wa mkilua. Hakuna kilichoganda. Tulielea tu. Kuta zilikuwa ndefu mno, na komeo la mlango liko juu ya vichwa vyetu.

"Mbona zimepanda hivi?" nikauliza.

"Nimeyaweka macho yenu kimo cha utotoni," Ruwaida akajibu. "Na jua nimelizidisha kidogo, Bibi Dhahabu aone."

Jikoni tuliviona vyungu kutoka chini, vyeusi, vikubwa kama zamani. Nikahisi kwamba tukikawia kidogo tutaitwa, nasi tutajibu abee na kukimbia. Tuliporudi ukumbini palikuwa na madirisha mawili, moja la kisimani, moja la njiani. Ruwaida alikuwa ameyaacha yote, wala hakutuambia.

Dhahabu akayatazama muda mrefu. Kisha akayafumba macho yake mwenyewe, picha ingali inatembea, akautafuta mkono wangu.

"Barke," alisema, "dirisha lilikuwa pale pako, njiani."

Wallahi, mimi nilikuwa nimeshaanza kukiona kisima.