Mikunjo ya Mabwawa Saba

Mwaka mzima niliishi kama naota mchana. Tulichota tope katika mabwawa saba, tukachuja vinasaba vya viumbe ambao wengi hawajapewa hata jina, na kompyuta ikawa inaninong'oneza herufi za vinasaba hivyo. Humo nikaona kipande ambacho, kikinakiliwa kuwa RNA, ule uzi mwembamba wa herufi, hujikunja kwa umbo lilelile: shina, kitanzi, shina. Mabwawa yote saba. Nililipenda, sina haja ya kuficha.

Jumatatu umbo hilo likajitokeza kwenye chupa ya nane, ya maji safi ya kulinganishia, ambayo haikupaswa kuwa na kitu.

"Ni uchafu wako mwenyewe," mkuu wa maabara akasema. "Ijumaa tunafuta kila kitu. Na mkataba wako ndio basi."

Nilimwitikia kwa adabu. Moyoni nilimtukana mpaka nikachoka. Nikamwambia mama, ambaye ni dobi, kwamba nitafanya naye kazi. Akasema tu, "Karibu, mwanangu," akanipa ncha mbili za shuka.

Chumba chake kilijaa mvuke na weupe. Tulikunja, tukikaribiana na kuachana, mpaka nikasahau siku. Alhamisi bega lilimuuma, akahamishia ncha mkono wa kushoto. Mkono wangu nao ukahama kabla sijafikiri. Shuka likatoka na mikunjo ileile.

"Mbona umeganda?" mama akauliza. "Pasi inapoa."

"Narudi sasa hivi, mama."

Nilikimbilia maabara na aproni yangu. Herufi za chupa ya nane zilikuwa zilezile za bwawa la tatu, hata moja haikupishana: nilitumia mrija uleule kwa chupa mbili, mzembe mimi. Lakini kati ya bwawa na bwawa herufi zilitofautiana, na kila ilipobadilika moja, ile iliyoshikana nayo upande wa pili wa shina nayo ilibadilika, ili mkunjo usifunguke. Uchafu haufanyi hivyo.

Mkuu alitazama kioo cha kompyuta, akajikuna kichwa. "Haya, umeniweza. Mkataba unaendelea."

Nilimpigia mama nikicheka na kulia. Akashangilia, akaniombea dua. Kisha nikasikia mvuke tu kwenye simu.

"Mama?"

"Nipo. Nilikuwa nimeshika lile shuka kubwa, nakusubiri," akasema. "Usijali, nitalikunjia mezani."