Redio Mpya ya Dereva

"Kwa hiyo nihame mimi? Niwaachie mtaa nyinyi na redio yenu?" Nesi alikuwa kasimama uani, nje ya dirisha lake, macho mekundu, alama za mto bado zimemchora shavuni.

"Nani kakwambia uhame, dada? Nimekuomba uvumilie," Mshonaji alijibu.

"Nimevumilia miaka miwili! Usiku kucha nawauguza wagonjwa, nikirudi nipate usingizi kidogo, saa nane juu ya alama mumeo ananipigia bei za mahindi masikioni. Mahindi, jamani! Mimi nalima?"

Waliokuwa wakipita walipunguza mwendo. Mmoja alifunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Mshonaji alisimama mlangoni kwake, utepe wa kupimia shingoni, pini mbili mdomoni. Siku nyingine angekwisha mrudishia makali. Ulimi wake ulikuwa wa kuchoma, na ndiyo maana mumewe, tangu siku za uchumba, alimwita Sindano. Lakini leo alikuwa akiomba tu, kwa sababu haki ilikuwa upande wa Nesi na yeye alijua.

Redio yenyewe ilikuwa ndani ya gari dogo la milango minne, rangi ya chai ya maziwa, matairi yamelala uani mwaka wa tatu sasa. Mumewe, ambaye hata watoto wa mtaa walimwita Dereva, alibeba abiria nalo miaka ishirini na sita, mpaka ugonjwa wa kusahau ulipoanza kumla kama panya anavyokula kipande cha sabuni. Leo kona hii, kesho kona ile.

Ndani ya nyumba Dereva hakumjua mkewe. Alimwita "mama" kwa adabu ya mgeni, akamwomba ruhusa ya kwenda msalani, akamshukuru kwa maji. Lakini saa nane mchana, akikalishwa nyuma ya usukani, mkono wake ulikwenda wenyewe, bila macho, mpaka kwenye kitufe kinene cha kuzungusha. Taa ya kijani ikawaka, sauti ikalipuka, naye akageuka na kumwona aliyeketi kiti cha pili.

"Sindano! Funga mlango vizuri. Leo wapi?"

Kwa saa mbili Mshonaji alikuwa na mume. Walisafiri bila kutembea, wakawasengenya abiria waliokwisha zikwa zamani, wakagombana kuhusu njia ya mkato. Saa kumi redio ilizimwa, Dereva akashuka, akawa mgeni tena. Betri ilichajiwa palepale kwa waya uliopitishwa dirishani, jirani na cherehani, na haikuwahi kufunguliwa garini.

Ubaya ulikuwa mmoja: kitufe kilikuwa kimechakaa ndani. Redio ilijua mambo mawili tu, kulala au kupiga kelele.

"Ama mbadilishe hiyo redio," Nesi alimaliza, "ama nakwenda kwa mwenye nyumba. Na huyo akija, haitatoka redio, litatoka gari zima."

Hilo lilimwingia Mshonaji mpaka kwenye mifupa. Gari likitoka, na Sindano naye katoka.

"Nitabadilisha," alisema. Na alipofunga mlango alijishangaa, maana alikuwa akitabasamu. Redio mpya, ya sauti ya chini! Mbona hakuwaza mapema? Nesi atalala, na wao wataongea bila kupigiana kelele.

Asubuhi ya pili akaja fundi wa redio za magari, aliyejulikana kwa jina la Nyaya, mtu mwembamba ambaye mkono na mdomo wake havikupata kupumzika. Dereva alikuwa bado amelala.

"Kwanza tunatoa waya wa betri, mama, umeme hauna undugu." Akafungua nati. Akabandua fremu ya plastiki, akachomeka vyuma viwili vyembamba pembeni mwa redio, akavuta. Redio ikagoma, kisha ikatoka na mkia mrefu wa nyaya na vumbi la miaka. "Lo! Huku nyuma kuna historia. Hii soketi ya zamani haiingiani na hii mpya. Nakata, naunganisha rangi kwa rangi. Wa umeme wa kudumu huu, wa swichi huu, hizi za spika, huu wa antena." Akaunga, akafunga mkanda mweusi, akarudisha waya wa betri, akawasha. Taa ya buluu ikamulika dashibodi nzima kama duka la simu. Muziki ukatoka laini.

"Kitufe cha kuzungusha kiko wapi?" Mshonaji aliuliza.

"Siku hizi unagusa tu, mama. Kama shavu la mtoto."

Saa nane Mshonaji alimleta Dereva, akamkalisha, akazunguka haraka kuketi upande wa pili. Nesi alikuwa dirishani, mikono kifuani. Nyaya alibaki asikie sifa zake.

Mkono wa Dereva ulinyanyuka, ukaenda. Ukafika mahali pake, ukakuta kioo. Ukapapasa juu, ukapapasa chini, ukarudi tena, kama mtu anayetafuta mlango gizani kwenye nyumba aliyozaliwa. Mshonaji akagusa kioo upesi. Buluu ikawaka. Dereva akaitazama, kisha akamtazama yeye, kisha akafungua mlango kwa aibu kubwa.

"Samahani sana, mama. Nimeingia gari la watu. Langu linafanana na hili."

"Ndilo lako! Keti, baba. Keti tuondoke."

"Langu wameliiba?" Akaanza kulizunguka akitafuta, huku mkono umeishika bodi yake.

"Rudisha ile ya zamani," Mshonaji alimwambia Nyaya. Sauti haikuwa yake. "Sasa hivi."

Nyaya hakutania. Akatoa mpya, akaunga soketi aliyoikata, waya kwa waya, jasho likimdondoka puani. Redio ya zamani ikawaka kijani. Mshonaji akashusha pumzi. Lakini haikutoa sauti. Ilionyesha mistari minne mitupu.

"Inataka nini?"

Nyaya akajifuta uso. "Inataka namba, mama. Hizi za zamani ukizikatia umeme wa betri zinajifunga, kwa ajili ya wezi. Mimi nilijua inakwenda kutupwa, ya nini kuuliza namba? Zipo tarakimu nne. Nani anazijua?"

Wote wakamgeukia Dereva.

Miaka mingi nyuma alimwambia mkewe namba hiyo, wakiwa ndani ya gari hilohilo, naye akacheka bila kuishika: mambo ya magari niwekee mbali, mimi na uzi wangu. Sasa Mshonaji akamshika mikono yote miwili.

"Baba, redio yako inataka namba. Unaikumbuka?"

Uso wa Dereva ukachangamka, ukawa wa mtu mwenye akili zake zote. "Naikumbukaje nisiikumbuke? Redio ni yangu."

"Nitajie."

Akamkagua toka juu hadi chini, akacheka kidogo. "Mama, wewe na huyu kijana wako mwenye bisibisi mmeshanifungulia gari, halafu niwape na namba? Mnanionaje? Namba hiyo nilimwambia mke wangu peke yake. Muulizeni Sindano."

"Sindano ni mimi."

"Sindano hana mvi," alisema kwa upole, kama anayemsamehe.

Mshonaji akabonyeza mwaka wa ndoa. Ikakataa. Akabonyeza namba za gari. Ikakataa. "Imebaki moja, mama," Nyaya alinong'ona, "halafu ndiyo basi." Akabonyeza mwaka aliozaliwa Dereva, huku akijua kabla ya kidole kufika kwamba siyo. Taa ya kijani ikazimika.

"Waliozitengeneza hizi walishafunga kiwanda," Nyaya alisema, akaanza kukusanya vyuma vyake polepole. Hakutaja malipo.

Nesi alikuwa ametoka, kasimama uani peku. "Dada. Mimi ningeziba pamba masikioni. Haki ya Mungu ningeziba pamba."

"Nenda kalale," Mshonaji alimjibu. "Umepata kimya chako."

Nesi akaingia ndani akilia.

Jua lilipokaribia kutua, Dereva alikuwa bado langoni, akitazama barabara, vifungo vya shati vimefungwa mpaka cha juu kabisa kama mtu aliye safarini. Mshonaji alikuwa amekwisha andaa sahani mbili. Alitoka akasimama kando yake, asimguse.

"Unamsubiri nani, baba?"

"Mke wangu. Anakuja na gari, sijui kachelewa wapi. Watu wema nyinyi, msipate taabu."

"Hakuna taabu. Giza linaingia."

"Atanikuta nimekula kwa watu, atanichoma na maneno."

"Hatasema kitu," alimwambia. "Karibu ndani, mgeni. Karibu tule."