Safu ya Wasiopatikana

Karani wa takwimu katika ofisi ya udahili ya chuo kikuu cha umma alikuwa na kazi ileile kila mwaka: kuwapigia simu wahitimu, kuwauliza wanalipwa kiasi gani, kisha kutoa wastani wa mishahara wa kuchapishwa kwenye kijitabu cha waombaji. Mkuu wake alimpa siri ya kazi mapema. "Asiye na kazi, mweke kwenye safu ya wasiopatikana. Hatumdanganyi mtu. Tunapunguza kelele tu."

Akapunguza kelele miaka saba. Wastani ukapaa, waombaji wakafurika, chuo kikawa kinachukua mmoja kati ya kumi na watano, na mkuu akawa anatembea kifua mbele.

Mmoja wa waliochaguliwa alikuwa binti wa kaka yake karani, ambaye tayari alikuwa na nafasi chuo cha uuguzi. Alikuja na kijitabu mkononi, baba yake nyuma.

"Shangazi, wewe uko mle ndani. Hizi hesabu ni za kweli?"

Karani akajikohoza. "Zimetoka ofisini kwetu."

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kaka akalichukua jibu hilo kuwa ndiyo, akafurahi mpaka machozi yakamlenga. Nafasi ya uuguzi ikaachwa.

Miaka mitano baadaye jina la binti likatokea kwenye orodha ya wahitimu wa kupigiwa. Karani alijua fika aliko: kibanda cha fotokopi nje ya geti kuu, na shahada yake ya uchumi, akiwatolea waombaji wapya nakala za vyeti. Mwaka mzima karani alikuwa akipita geti la nyuma.

Alipiga, akajitambulisha kwa cheo.

"Shangazi, ni wewe?" Binti akacheka. "Sema tu nalipwa vizuri, niwapandishe chati."

Karani akakata simu, akatoka, akavuka geti kuu. Pale kibandani, mashine ikinguruma, akamweleza yote.

"Siku ile nilipokuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

Karatasi zikamponyoka binti. Aliziokota moja moja bila kuinua macho. "Nenda, Shangazi. Watu wanasubiri."

Wiki ile karani alihesabu upya, wasiopatikana wakiwemo. Zaidi ya nusu ya wahitimu hawakuwa na kazi. Akapeleka karatasi hiyo kwa baraza la chuo. Kijitabu kikatoka bila ukurasa wa mishahara. Mkuu akabaki kitini mwake, karani akahamishiwa stoo ya majalada.

Binti hakumwambia baba yake neno, na kaka aliendelea kumsifu dada yake. Jumapili moja, dada huyo alipowatembelea, kaka alimwita jirani sebuleni. "Muulize huyu. Ndiye aliyemfungulia mwanangu njia."

Jirani alikuwa na kijana wa kupeleka chuo. "Eti dada, wakimaliza pale wanapata kazi nzuri?"

Karani akamtazama kaka yake. "Wengi hawapati. Nilikuwa nawaficha kwa kalamu yangu mwenyewe. Hata wa kwetu nilimficha ukweli, akiniuliza uso kwa uso."

Jirani akaaga haraka. Kaka hakufoka. Aliketi, mkono shavuni.

"Ningekuelewa siku ile," akasema hatimaye. "Ungeniambia tu, dada yangu. Ningekuelewa."

Karani akainamisha kichwa, akalia.