Buibui Aliyeongea na Mdogo Wangu

Miaka tisa nimemlisha yule buibui, na hata "asante" sikupata. Si buibui wa kufagia huyu. Ni mkubwa kama meza ya cherehani, anakaa juu ukutani kwenye stoo ya karakana yetu ya ushonaji, na mama alituachia yeye pamoja na mikasi. Uzi wake haukatiki. Maharusi wa mji mzima wanaujua. Mama alikuwa akiongea naye kila asubuhi. Alipofariki, mdudu akanyamaza. Nikabaki kumpelekea nondo kwenye sahani, naye kunidondoshea uzi, kama watu waliogombana. Nilichotaka ni neno moja tu.

Kisha mdogo wangu akamaliza masomo, akaja kunisaidia kushona. Siku ya tatu tu, nikasikia sauti ya kukwaruza kutoka stoo: "Umeamkaje, mwanangu?"

Nilikuwa nimeshika pasi. Nusura niunguze gauni la watu. Wivu ulinishika. Tangu hapo kila asubuhi wanacheka mle ndani, mimi huku napiga pindo. Mdogo wangu hakuwa na hila. Alitoka na uzi begani, anasimulia: "Dada, leo kaniambia mama alivyokuwa akikosea kushona mikono!" Mama yangu, na hadithi kapewa yeye. Eti mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi mgongo umeinama miaka tisa!

Buibui yule hatoki nje. Ya dunia anayajua kwa kuambiwa, na lolote utakalomwambia analiamini. Asubuhi moja nikawahi mimi.

"Mdogo wangu anasema unanuka," nikamwambia. "Akitoka humu anaziba pua."

Siku hiyo mdogo wangu alisalimia mara tatu, hakujibiwa. Alilia wiki nzima, akajiona ana mkosi, mwisho akachukua mkasi wake akaenda kushona kwa fundi mwingine. Sikumzuia. Begi nilimbebea mwenyewe.

Kesho yake nikaingia stoo na sahani ya nondo.

"Umeamkaje?" buibui akauliza.

Mimi! Nikaweka sahani chini nimkaribie. Akashuka ukutani taratibu, miguu yote minane inachuruzika maji. Ndoo yangu ya kufulia ilikuwa imelala ubavu, povu limetapakaa sakafuni.

"Mwambie nimeoga," akasema. "Mwambie arudi."