Haragwe Jekundu

Mwaka wa sabini na nne, kwenye mbuga za Rujewa, wawindaji watatu walimchoma nyati mkuki, naye akajitoma kwenye matete na kubaki humo akikoroma. Hawakuweza kumwacha, kwani kesho watoto wangechunga ng'ombe hapo hapo. Kama kawaida yao, walitia maharage matatu kwenye kibuyu, mawili meupe na moja jekundu. Atakayetoa jekundu ndiye atakayetangulia kuingia kwenye matete.

Ngolo alikuwa wa kwanza kutoa, kifua mbele. Jekundu lilikuwa limemwangukia mara mbili mfululizo kwenye mawindo yaliyopita. Leo, alijigamba, haliwezi kunirudia tena.

"Kibuyu hakikumbuki mtu, kaka," alimwonya Shigela, mdogo wake, aliyekishika. "Kila mara tunaanza upya."

Ngolo akafumbua kiganja. Jekundu.

Damu ikamchemka. "Umejaza mekundu matupu, mshenzi wewe!"

Rungu lake lilishuka kabla Shigela hajajibu. Likapasua kibuyu, likainuka tena, likapasua fuvu. Shigela alianguka kifudifudi, miguu ikatapatapa, ikatulia.

Kando ya kichwa chake, damu ikayafikia maharage mawili yaliyobaki. Yote meupe.

Rungu likamponyoka Ngolo. Ndani ya matete nyati alikoroma. Kashindye, shemeji yao na mwindaji wa tatu, alipiga hatua mbele. Aliokota mkuki wa marehemu, akamwelekezea Ngolo kifuani.

"Jekundu bado liko mkononi mwako, shemeji," alisema. "Ingia."