Nyumba Aliyofichwa Sahni

Binti yangu Sahni aliibwa baada ya magharibi, na mlango wa nyuma aliotokea niliuacha bila komeo mimi mwenyewe.

Kwetu Lombok kijana haji kumwomba msichana kwa wazazi wake kama anayeomba kazi. Anamwiba. Msichana anakuwa ameshakubali, anatoka kimya kimya, anapelekwa kufichwa kwenye nyumba ya ndugu wa kijana, na sisi wazazi tunajifanya hatujui kitu mpaka mjumbe aje rasmi kutuambia binti yenu yuko kwetu. Nyumba yenyewe haitajwi. Mzazi akiifuata na kumtoa binti yake, maana yake amekataa ndoa, na msichana aliyerudishwa hivyo hana tena wa kumtaka. Binamu yangu Maknah alirudishwa na baba yake. Akaenda kufanya kazi za ndani Hong Kong na hajakanyaga huku mpaka leo.

Mjumbe alifika asubuhi. Alikuwa Haji Sapoan, mwenyekiti wa kitongoji cha Dasan Buwuh, ng'ambo ya mto. Alikuja na pikapu yake, msuli mpya kiunoni, kilemba kimefungwa vizuri mno. Tulimkalisha kwenye berugaq, kile kibanda cha uani cha nguzo za mti kisicho na kuta, ambako wageni wote hupokewa. Mume wangu alikaa na uso wa huzuni alioufanyia mazoezi tangu jana yake. Mimi nilimimina kahawa.

Haji alianza na salamu za wazee, akapitia mababu, akawa bado yuko kwenye mababu.

"Haji, kahawa inapoa," nikasema.

"Mama Sahni, maneno ya desturi hayakatwi."

"Sijasema ukate. Nimesema inapoa."

Kabla hajajibu, mlima ulio juu ya kijiji ulianza kunguruma. Ulikuwa mngurumo wa malori mengi yanayomwaga mawe kwa pamoja, ukaja chini yetu kabla hatujasimama. Berugaq ikarukaruka juu ya mawe ya msingi wake kama mbuzi aliyefungwa, nasi ndani yake tumeshikana mikono. Vigae vya nyumba vikamiminika. Ukuta wa jikoni ukalala nje taratibu, kama mtu aliyechoka. Kisha kila kitu kikatulia, na vumbi likapanda, na kutoka kila upande watu wakaanza kumwita Mungu.

Berugaq ilikuwa bado imesimama. Kahawa ilikuwa yote kwenye msuli wa Haji.

"Sahni yuko nyumba gani?" nikamuuliza.

Haji akashika kilemba chake. "Mama Sahni, unajua mwenyewe, hilo halisemwi…"

Nikamkamata ukosi wa shati. Sijawahi kumkamata ukosi mtu aliyekwenda Makka, lakini ndivyo ilivyokuwa. "Niambie ni ya mianzi. Sema ya mianzi, nikuache."

Akakiachia kilemba. "Iko kwa shangazi yake kijana. Ile ya ghorofa."

Ile ya ghorofa naijua, kila mtu anaijua. Mume wa yule shangazi amekuwa Malaysia kwenye mashamba ya michikichi miaka mingi, na kila alichopata amekigeuza zege: nguzo nene, grili za chuma zenye maua kwenye kila dirisha, na vyumba vya juu visivyolala mtu.

"Tulitaka kumpa heshima," Haji akasema kwa sauti ndogo. "Tulimweka kwenye nyumba nzuri kuliko zote."

Mume wangu alikuwa ameshaanza kuelekea chumba cha mama yake, bibi asiyeweza kutembea. Akageuka. "Tukienda tutakuwa tumemchukua."

"Na tusipokwenda?"

Akanitazama, na safari hii uso wake haukuwa wa mazoezi. "Mimi namtoa mama. Wewe nenda. Nenda!"

Simu haikushika. Tukaondoka na pikapu. Mtikisiko wa pili ulitukuta tukishuka mtoni. Pikapu iliyumba kama punda anayekataa mzigo, na mbele yetu daraja likapasuka ufa ambao mtu angeweza kuingiza mkono. Haji akazima injini.

"Tunavuka kwa miguu," nikasema. "Jeki iko wapi?"

"Jeki ya nini? Magurudumu ni mazima."

"Haji, jeki."

Ilikuwa chini ya kiti, pamoja na bomba lake. Nikaifunga kwa shuka mgongoni kama mtoto mchanga, tukavuka.

Watu wa Dasan Buwuh wote walikuwa kwenye shamba la mpunga uliokwisha kuvunwa. Hapakuwa na aliyelia tena. Walikaa wakitazama ardhi. Mwanamke mmoja alikuwa ameweka glasi ya maji mbele yake, na walio karibu naye waliitazama kama televisheni. Maji yakicheza, wanashikana. Yakitulia, hawaachiani. Pikipiki ilipita barabarani na kundi zima likainuka mbio, kisha likakaa tena, bila hata mmoja kumcheka mwenzake. Kupigwa unakujua, kumekwisha. Kusubiri upigwe tena kunakunyima hata mate ya kumeza.

"Tumehesabiana," kijana mmoja akamwambia Haji. "Hakuna aliyepungua, alhamdulillahi."

Bila shaka hakuna aliyepungua. Walihesabu wale waliowajua. Siri ilikuwa ya watu watatu: Haji, shangazi Rukiyah na kijana mwenyewe, Mahsun. Mahsun alikuwa mjini tangu alfajiri akinunua vitu vya harusi. Rukiyah alikuwa sokoni. Tulimkuta ndiyo kwanza amefika, amekaa chini kwenye tope na kikapu chake cha mboga, akiitazama nyumba yake.

Sehemu ya mbele ya ghorofa ilikuwa imeshuka na kukalia chumba cha chini. Nyuma, upande wa jikoni, nguzo zilikuwa bado zinabeba, lakini zimepinda magoti.

"Alikuwa jikoni nilipotoka," Rukiyah akasema hatimaye. "Nilimwambia asitoke nje, asije akaonekana."

Nikaanza kwenda. Wanaume wawili wakanizuia.

"Mama, subiri marudio ya tetemeko yaishe."

"Yataisha lini?"

"Hilo nani analijua?"

"Basi sina cha kusubiri."

Dirisha la jikoni halikuwa na kioo tena, grili tu. Ndani giza na vumbi. Nikaita jina lake. Nikaita tena, kwa ile sauti ninayomwamshia asubuhi.

"Mama?" Sauti ilitoka chini kabisa, sakafuni. "Mama, umefuata nini huku? Utaharibu ndoa!"

Nikashika chuma cha grili kwa mikono miwili. "Nyamaza. Jibu ninachouliza. Umeumia wapi?"

"Mguu. Kabati limeuangukia."

"Vidole unavisikia?"

"Vinauma."

"Vizuri. Viache viume."

Nikaweka jeki kati ya vyuma viwili, na kipande cha ubao nyuma yake, nikaanza kuzungusha. Chuma kile kilikuwa kizuri, Malaysia wanalipa vizuri. Kiliteta, kikapinda, ua moja likaruka likanipita sikioni. Haji alikuwa ameshika ubao. Ndipo ardhi ikaja tena. Haji akakimbia, msuli ameushika mkononi. Mimi nikalala kifudifudi chini ya dirisha, nikasikia zege juu yangu likisaga meno.

Lilipotulia, Haji alikuwa amerudi, bila kilemba.

"Nimerudi," akasema.

"Nimeona. Shika ubao."

Ncha za vyuma ziling'oka ukutani moja baada ya nyingine, mpaka pakawa na nafasi ya mtu asiyependa sana kula. Nikavuta pumzi, nikaingia.

Sahni alikuwa amelala ubavu, mweupe kwa vumbi kichwa mpaka miguu, na sufuria ya wali kaikumbatia kifuani. Sikuuliza. Nikasukuma jeki chini ya kabati, na hapo ukaja mtikisiko mkubwa.

Nilimlalia. Sikuwa na wazo jingine. Ndani ya nyumba inayotikisika huwazi mambo makubwa. Mimi niliwaza kwamba bomba la jeki liko chini ya goti langu na nikilipoteza gizani tumekwisha. Sahni alinishika masikio yote mawili, kama alivyokuwa akinishika akiwa na mwaka mmoja. Vipande vya lipu vilinipiga mgongoni. Ukaisha. Tukabaki tunasikiliza. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kulala pale na kusikiliza, kila kokoto inayoteleza unadhani ni mwanzo.

"Mama, bado unakuja mwingine," akanong'ona.

"Uje. Utakuta tumeondoka."

Nikazungusha jeki. Kabati likainuka kidogo, likainuka tena, akavuta mguu wake huku akipiga kelele, na kelele zile zilinifurahisha kuliko kisomo chochote. Nikamsukuma dirishani, Haji akamvuta, kisha wakanivuta mimi. Gauni langu lilibaki nusu kwenye grili. Tulikwenda mpaka shambani tukiwa tumembeba Sahni kati yetu, na watu walewale waliokuwa wameganda wakasimama. Walipiga makofi, walipiga mabeseni, bibi mmoja aliruka juu kama msichana. Mifupa ya mguu ilikuwa mizima. Niliipapasa mmoja mmoja, kisha nikaifunga kwa shuka.

Ndipo shangilio likapungua, kutoka mbele kwenda nyuma, kwa sababu watu walikumbuka.

Rukiyah ndiye aliyeuliza. "Mama Sahni. Kwa hiyo… umemchukua?"

Sahni alinitazama. Alinikaza mkono kama vile ardhi inatikisika, na wakati ule ilikuwa imetulia.

Mahsun alitokea barabarani akikimbia, kiatu kimoja, pikipiki ameiacha darajani. Alimwona Sahni, akalia waziwazi, kisha akaniona mimi nimemshika mkono, akasimama mbali. Hakuthubutu kusogea. Kijana mzuri. Nilikuwa na mashaka naye mpaka siku ile.

"Nimchukue nani?" nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa shamba. "Mimi nimekuja kutoa grili ya dirisha. Nimeona mtu humo? Haji, wewe umeona mtu?"

Haji akafikiri. "Mimi nilishika ubao tu."

"Basi." Nikauachia mkono wa Sahni. "Mahsun, unangoja nini? Mwibe."

"Sasa hivi, Mama?"

"Na umfiche mahali pasipo na paa."

"Lakini desturi ni usiku," Haji akasema. Mjumbe ni mjumbe, hata bila kilemba. "Mchana huu itakuwa si wizi."

"Basi fumbeni macho, uwe usiku!"

Nikawapa mgongo, nikajifunika uso kwa mikono. Nyuma yangu nikasikia kicheko kimoja, kisha kingine, halafu nguo zikichakarika, shamba zima likijifunika nyuso kwa misuli, kwa mitandio, kwa vikapu. Yule mwanamke wa glasi aliuliza kama na maji afunike.

"Mama, siwezi kukimbia na mguu huu," Sahni akasema.

"Hapa hakuna mama wa mtu. Na sijawahi kusikia mwizi anayengoja alichoiba kitembee chenyewe."

Watu wakapasuka kwa kucheka, na wakiwa katikati ya kicheko ardhi ikaja tena. Niliisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Mabeseni yakagongana, mahali fulani vigae vikamwagika. Nilingoja mayowe. Hayakuja. Watu wale waliokimbia pikipiki walibaki palepale na macho yao yamefumbwa, wanayumba pamoja, wanacheka, na sauti ya bibi mmoja ikapaa juu ya zote: "Mbebe, mwanangu, mbebe! Usimwangushe! Sisi hatuoni kitu!"

Nikasikia hatua za Mahsun zikinipita, nzito, za mtu mwenye mzigo, zikielekea upande wa migomba watu walikokuwa wameanza kufunga turubai. Hazikusimama hata ardhi ilipokuwa bado inatikisika. Mimi sikugeuka.